Kamera baada ya kustaafu: picha za wanyamapori na mandhari, kuanzia uani hadi Mikumi

Mpiga picha wa kazi akifika hifadhini ana siku mbili na mteja anayemsubiri. Mstaafu ana Jumanne, Jumatano na wiki nzima inayofuata. Kwenye picha za wanyamapori hiyo ndiyo mali, kwa sababu picha nzuri humwendea aliyekaa saa tatu kwenye bwawa moja, si aliyezunguka hifadhi nzima akihesabu simba. Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo: fedha kidogo dukani, fedha zaidi porini, na mazoezi mengi uani kabla ya kulipa kiingilio chochote.

Mfano wetu mkuu ni Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Inafikika kirahisi kutoka Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma na Iringa. Aliye Arusha aweke mahali pake Hifadhi ya Arusha au Tarangire. Mkazi wa Nairobi ana hifadhi yake ya kilomita za mraba 117 pembeni mwa jiji.

Hatua ya 1: Tenga bajeti, kisha igawe

Mkupuo wa mafao ukishaingia benki, kila mtu huwa na ushauri. Wa kwetu ni mmoja: kiasi chochote ulichotenga kwa ajili ya picha, nusu yake isifike kabisa kwenye duka la kamera. Nusu hiyo ni ya viingilio, gari, malazi na mafuta. Wengi hufanya kinyume, wakaishia na lenzi ya mamilioni iliyolala kabatini kwa kuwa hakuna fedha ya kwenda inakotumika.

Kwa vifaa, njia ni tatu.

Ya kwanza ni kamera yenye zumu ndefu iliyounganishwa moja kwa moja na mwili wake, lenzi isiyobadilishwa. Uzito wake ni kama kilo moja, na baadhi hufika mbali sawa na lenzi ya milimita 2000. Haiingizi vumbi ndani na haichoshi kiganja. Udhaifu wake ni sensa ndogo, yaani kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera: jua likishazama picha hujaa chenga, na ndege anayeruka huipa shida kumfuata. Mwenye maumivu ya viungo vya mikono asione aibu kuichagua.

Ya pili, ambayo ndiyo tunayoipendelea kwa anayeanza, ni kamera ya lenzi za kubadilisha yenye sensa ya ukubwa wa kati, megapikseli 20 hadi 24, pamoja na lenzi mbili: ya milimita 18-55 kwa mandhari na ya 70-300 kwa wanyama. Kwa sensa hiyo milimita 300 huona kama 450, au 480 kwa kamera za Canon. Ni ya kutosha kwa tembo, twiga, nyati na swala waliozoea magari. Kwa ndege wadogo ni fupi, hilo ukubali tangu mwanzo.

Ya tatu ni lenzi ya 150-600. Ni nzuri, lakini yenyewe pekee ina uzito wa karibu kilo mbili. Usiinunue kabla ya kuazima au kukodi kwa siku mbili na kujua bega lako linasemaje.

Simu ya kisasa inatosha kwa mandhari. Kwa wanyama haitoshi: ukivuta zumu kupita lenzi zake, simu hukata tu kipande cha katikati na kukikuza.

Vifaa vilivyotumika vina bei nafuu, ila vikaguliwe. Uliza shata, yaani pazia linalofunguka kila unapopiga picha, imepiga mara ngapi. Shata za kamera nyingi za DSLR (zile zenye kioo ndani) zimetengenezwa kuhimili takriban 100,000 hadi 200,000. Ondoa lenzi, imulike kwa tochi kutoka nyuma na utazame kwa mbele: nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu, achana nayo hata ikiuzwa bei ya kutupa. Weka f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, piga picha ya anga tupu, uikuze; madoa meusi yasiyohama ni uchafu wa sensa. Unaweza kusafishwa, lakini ni sababu halali ya kuomba punguzo. Mwisho, fokasi vitu vya karibu na vya mbali mara kumi mfululizo, usikilize kama lenzi inakwama.

Hatua ya 2: Shona mto wa maharage

Kifaa chenye faida kuliko vyote ndani ya gari hakiuzwi ghali. Kata mguu wa suruali kuukuu ya jinzi urefu wa sentimita 50 hadi 60. Shona ncha moja, weka zipu kwenye ncha ya pili, halafu piga mshono katikati ukiacha uwazi wa vidole vitatu ili punje zipite. Jaza maharage au mahindi makavu kama kilo mbili, robo tatu tu ya ujazo. Ukiujaza kabisa unakuwa mgumu na lenzi inateleza. Ukiupunguza mno lenzi inagusa mlango. Shusha kioo cha gari, tandika mto juu ya ukingo wa dirisha, nusu ndani nusu nje, kisha laza lenzi juu yake.

Mchanga usitumie. Ni mzito na unga wake hupenya kwenye jinzi ukaingia kwenye lenzi. Maharage yana faida nyingine, safari ikiisha yanapikwa.

Hatua ya 3: Rekebisha kamera ifuate macho yako

Hapa ndipo wastaafu wengi hupoteza miezi wakidhani kamera ni mbovu. Pembeni mwa kidirisha cha kutazamia kuna gurudumu dogo la dayopta. Elekeza kamera kwenye ukuta mweupe, usiangalie ukuta, angalia namba na alama zilizoandikwa ndani ya kidirisha. Zungusha gurudumu mpaka namba zisomeke vizuri bila jicho kujikaza. Kwanza amua kama utapiga ukiwa umevaa miwani au umeivua, kwa kuwa kila hali ina mpangilio wake. Gurudumu hilo husogea lenyewe kamera ikisuguana na mkoba, hivyo likague kila asubuhi.

Mwenye miwani ya kusomea huhangaika pia na skrini ya nyuma: avae asome, avue atazame swala, avae tena. Kamera za mirolesi, zisizo na kioo ndani, zinamwondolea kero hiyo, kwani menyu na picha zilizopigwa huonekana ndani ya kidirisha chenyewe ambacho tayari kimerekebishwa kwa jicho lake. Kwa anayenunua akiwa na miaka 60, sababu hiyo ina uzito kuliko idadi ya megapikseli.

Kama mtoto wa jicho ameanza, rangi unazoziona zimeelemea umanjano. Utakapozisahihisha picha kwenye kompyuta utazivuta kuelekea bluu bila kujua. Mwombe mtu mwenye macho mazima azitazame kabla hujazichapisha.

Hatua ya 4: Mipangilio ya kuanzia

Kwa wanyama, weka kamera kwenye M (kasi na tundu unachagua mwenyewe), shata 1/1000 ya sekunde, tundu la lenzi liwe wazi kabisa (kwa 70-300 ukiwa umevuta mwisho ni kama f/5.6), na ISO, yaani wepesi wa sensa kwa mwanga, iwe ya kujipanga yenyewe, kikomo 6400. Fokasi iwe ya mfululizo, inayoandikwa AF-C kwenye chapa nyingi na AI Servo au Servo kwa Canon. Kama kamera ina uwezo wa kutambua jicho la mnyama, iwashe; kama haina, tumia nukta moja ya katikati na uiweke kwenye jicho. Upigaji uwe wa mfululizo, lakini kidole kiache baada ya picha tatu hadi tano.

Kutoka hapo rekebisha kasi. Mnyama aliyetulia anatosheka na 1/500. Swala anayekimbia anataka 1/1600, ndege arukaye 1/2500. Kikomo cha chini kwa mikono mitupu kinakokotolewa hivi: chukua urefu wa lenzi, uuzidishe kwa kizidishi cha sensa (1.5, au 1.6 kwa Canon), namba hiyo iwe chini ya moja. Milimita 300 mara 1.5 ni 450, kwa hiyo usishuke chini ya 1/500 bila mto wa maharage. Mikono inayotetemeka kidogo iongeze mara mbili, 1/1000. Kituliza mtikisiko cha lenzi husaidia mkono wako, hakimtulizi nyumbu.

Watu huogopa ISO kubwa. Chenga zinapunguzika kwenye kompyuta, mtikisiko hauondoki.

Kitufe cha +/−, cha kuongeza au kupunguza mwangaza wa picha, ndicho kinachochanganya zaidi. Kamera hutaka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Nyati akijaza fremu, itamwangaza mpaka awe wa kijivu: punguza −0.7. Nyati huyohuyo akiwa mdogo mbele ya anga jeupe, itaitia giza picha nzima na atabaki kipande cha giza: ongeza +1. Yangeyange mweupe akiwa mdogo mbele ya matete meusi, manyoya yake yataungua: punguza −1. Kinachoamua ni kitu kilichochukua nafasi kubwa kwenye fremu, si rangi ya mnyama peke yake. Kwenye baadhi ya kamera za zamani kitufe hiki hakifanyi kazi ukiwa kwenye M. Tumia S, au Tv kwa Canon, ambako unachagua kasi tu, ubaki na kasi ileile.

Hifadhi picha kama faili ghafi (RAW) pamoja na JPEG. Faili ghafi ya megapikseli 24 huwa na MB 25 hadi 30, hivyo kadi ya GB 64 ikichukua za aina zote mbili hubeba kati ya 1,500 na 2,000. Kadi mbili za 64 ni bora kuliko moja ya 128: moja ikifa, nusu ya safari imepona.

Hatua ya 5: Mwezi mmoja uani

Kuku ni walimu wazuri wa fokasi. Anadonoa, anainua kichwa, anadonoa tena. Ukiweza kupata jicho lake kali mara saba katika kumi, uko tayari kwa ngiri. Piga ukiwa umekaa kwenye kigoda kifupi ili lenzi iwe usawa wa jicho la kuku. Utaona tofauti na picha uliyompiga ukiwa umesimama: ile ya juu inamfanya mdogo, ya usawa inampa heshima yake.

Mbuzi mweusi na mbuzi mweupe, mmoja baada ya mwingine, ndio somo la +/−. Mpige kila mmoja kwa −1, 0 na +1, kwanza akijaza fremu, halafu akiwa mbali. Picha hizo 12 zikikaa pamoja kwenye skrini zinafundisha kuliko maelezo yoyote.

Bodaboda barabarani ni za kujifunzia kufuata kitu kinachokwenda. Simama mahali salama, mfuate dereva kwa kuzungusha kiuno, si mikono, na uendelee kuzunguka hata baada ya kubonyeza. Anza 1/1000, shuka 1/250, kisha 1/60. Kwenye 1/60 nyuma patageuka mistari huku pikipiki ikibaki kali, na njia hiyohiyo ndiyo hutumika kwa pundamilia wanaokimbia jioni mwanga ukiwa mdogo.

Ndege wa uani wana siri moja ya kuwarahisisha: hutua na kuruka wakielekea upepo unakotoka. Upepo ukiwa mgongoni mwako, wanakujia uso kwa uso. Ukiwa usoni mwako, utakusanya picha za mikia.

Hatua ya 6: Panga siku ya hifadhini

Kutoka Dar es Salaam, Mikumi iko chini kidogo ya kilomita 300 kwa barabara. Asiyetaka kuendesha umbali huo ana treni ya SGR hadi Morogoro, inayobeba abiria tangu Juni 2024. Kutoka hapo gari la kukodi lina kama kilomita 100 mpaka langoni. Tafuta wenzako wawili au watatu mgawane gari, kila mtu na dirisha lake, na mkubaliane mapema kwamba mabegi yanakaa katikati na nafasi zinabadilishwa mchana. Ugomvi wa dirisha umevunja urafiki wa miaka.

Raia abebe kitambulisho cha NIDA apate kiwango chake cha shilingi, na ajiandae kulipa kwa kadi au kontro namba badala ya fedha taslimu. Kwa hifadhi za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, malipo hupitia eCitizen. Viwango hubadilika, viangalie wiki ya safari. Droni iache nyumbani. Bila kibali maalumu hairuhusiwi.

Chagua msimu kwa kujua unachokitaka. Juni hadi Oktoba nyasi ni fupi, maji ni machache na wanyama hukusanyika, lakini hewa ina vumbi na moshi wa moto wa nyika, na milima hufifia. Baada ya mvua hewa ni safi, mawingu ni ya kupendeza na kijani kimejaa, lakini udongo mweusi wa uwanda wa Mkata, ndani ya Mikumi, hunasa magari na baadhi ya njia hufungwa. Ukiwa na gari la chini, nenda kiangazi.

Saa ndiyo jambo kubwa. Mikumi mwezi Julai jua huchomoza kama saa 12:45 asubuhi. Novemba ni karibu saa 12:00 kamili. Huku kwetu karibu na ikweta jua hupanda wima, hivyo mwanga wa dhahabu hauzidi saa moja, na ile nusu saa ya kwanza ndiyo bora. Uwe langoni linapofunguliwa, ukiwa umeshalipa na kadi ziko ndani ya kamera. Jioni kuna tatizo lingine: magari yanayotoka hutakiwa kuwa nje karibu na wakati jua linapozama, kwa hiyo anayelala nje ya hifadhi huikosa nusu saa ya mwisho. Usiku mmoja kwenye mabanda ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa za Tanzania, ndani ya hifadhi una thamani kuliko usiku wa pili kwenye hoteli ya mjini.

Ongea na dereva kabla ya kuondoka, maana madereva wamezoea wageni wanaotaka simba na hupigiana simu wakakimbilia sehemu moja. Mwambie waziwazi: "Leo hatukimbizi simba. Tukikuta tembo wanakunywa, tunakaa mpaka waondoke wenyewe." Mwambie pia mambo matatu: asubuhi gari liwe upande wa mashariki wa mnyama, jua likiwa mgongoni au ubavuni mwetu, akisimama azime injini, kwa kuwa mtetemo wake huharibu picha hata kwa 1/500, na asitoke njiani hata tukimwomba.

Piga kupitia dirishani badala ya kusimama kwenye paa lililofunguliwa. Magoti yatapumzika, mto wa maharage utafanya kazi, na pembe inakuwa karibu na usawa wa mnyama.

Ukishasimama, kaa. Bwawa la viboko karibu na lango kuu ni mahali pazuri pa kuanzia: kwa dakika 20 za kwanza ni migongo tu majini, kisha mmoja anapiga mwayo, na mara nyingi akishapiga mmoja hurudia. Mwenye lenzi tayari anaupata wa pili. Simba mchana kutwa amelala. Mkumbuke ulipomwacha, umrudie saa kumi na moja jioni. Tembo akitandaza masikio, akitikisa kichwa au akikukabili kwa kusimama wima, mpe nafasi mara moja, na kamwe gari lisimzuie njia ya kwenda kwenye maji.

Mwili nao una ratiba. Kushuka garini kunaruhusiwa sehemu maalumu tu, kwa hiyo anayetumia dawa za presha zinazoongeza mkojo amuulize daktari wake mapema kuhusu saa ya kuzinywa, na ajue vyoo viko wapi kabla ya kuingia. Beba mto mdogo wa kiuno. Mbung'o huvutwa na nguo nyeusi na za bluu iliyokoza. Vaa kaki au rangi ya mchanga, mikono mirefu.

Picha ikitoka si kali: jua sababu kabla ya kulaumu lenzi

Sababu ni nne, na kila moja ina alama yake. Kuza picha hadi asilimia 100 kwenye skrini ya kamera, papo hapo ukiwa porini, ndipo urekebishe.

Kila kitu kimevutika kuelekea upande mmoja, nyasi, mnyama na mti: ni mkono wako au injini. Ongeza kasi, laza lenzi kwenye mto, bonyeza polepole.

Nyasi ni kali na mwili wa mnyama ni mkali, lakini miguu au kichwa kimefifia: yeye ndiye aliyesogea. Mto hautakusaidia hapa, dawa ni kasi tu.

Jani la mbele au kichuguu cha nyuma ni kikali kuliko jicho: fokasi imeshika pengine. Hutokea sana kwenye nyasi ndefu. Punguza eneo la fokasi mpaka nukta moja ndogo, ielekeze kwenye uwazi uliopo, au msubiri mnyama ainue kichwa.

Hakuna kitu kikali popote, kingo zina mawimbi, na kila picha ya mfululizo imepinda tofauti: ni joto. Kwenye uwanda wa Mkata, tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa au kumi alasiri, ardhi hutoa hewa moto inayocheza mbele ya lenzi. Lenzi ya bei yoyote haiwezi kuishinda. Sogelea kwa njia halali, au acha mnyama aliye mbali zaidi ya mita 50 hivi mpaka jioni. Kuna joto jingine watu hawalijui: kiyoyozi cha gari. Hewa baridi ya ndani ikikutana na ya nje dirishani hufanya mawimbi yaleyale mbele ya lenzi yako. Zima kiyoyozi na ufungue vioo dakika kumi kabla ya kuanza kupiga.

Hatua ya 7: Mandhari

Hapa haraka haina nafasi. Lenzi iwe 18-55, ISO 100, tundu f/8 hadi f/11. Kwenda f/22 kwa nia ya kupata ukali zaidi ni kosa la kawaida: kwenye sensa ya ukubwa wa kati kama hii, kuanzia f/16 mwanga hutawanyika ukipita tundu finyu na picha nzima hulainika. Kwa milimita 18 na f/8, fokasi kitu kilicho mita mbili mbele yako. Kila kitu tangu mita moja hadi upeo wa macho kitakuwa kikali. Tripodi ikitumika, tumia kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisitikise, zima kituliza mtikisiko kwa lenzi za zamani, na usiinue nguzo ya katikati kukiwa na upepo.

Weka kitu mbele: mzizi, kichuguu, mti wa mbuyu kama uko Tarangire. Uwanda mtupu na anga tupu huchosha macho hata rangi zikiwa nzuri. Lenzi ndefu nayo ni ya mandhari, jambo linalosahaulika. Milimita 200 huvuta safu za milima zikapandana, na twiga mmoja chini yake hutosha kuonyesha ukubwa.

Mikumi ina milima ya Uluguru upande wa kaskazini-mashariki. Asubuhi jua hutokea upande huohuo, hivyo milima huwa vivuli vya bluu, kimoja nyuma ya kingine, vizuri kwa picha ya mistari tu. Jioni jua la magharibi huimulika usoni, mabonde yakaonekana. Kwa Kilimanjaro kutoka Amboseli fika mapema zaidi, kwa kuwa mawingu hukifunika kilele kabla ya saa sita mchana siku nyingi.

Kichujio cha polaraiza huondoa mng'ao majini na kwenye majani, kikitoza hatua moja hadi mbili za mwanga (kila hatua ni nusu ya mwanga uliopo). Nguvu yake iko nyuzi 90 kutoka jua. Jua likiwa chini na lenzi ikiwa pana, sehemu moja ya anga itakoza na nyingine itapauka. Geuza kichujio nusu au ukivue. Kwa wanyama kivue kabisa.

Vumbi na unyevu

Hifadhini usibadilishe lenzi nje au gari likiwa linatembea. Zima injini, funga vioo, elekeza mdomo wa kamera chini, badilisha. Vumbi liondolewe kwa pampu ya mpira, kisha brashi laini, na kitambaa cha lenzi mwishoni. Ukianza na kitambaa, au pindo la shati, unasugua kioo kwa mchanga.

Pwani adui ni unyevu. Kamera iliyolala kwenye chumba chenye kiyoyozi Saadani au Zanzibar, ukitoka nayo nje asubuhi, hufunikwa na umande nje na wakati mwingine ndani. Iache kwenye mkoba uliofungwa kwa nusu saa hadi saa moja ipate joto. Nyumbani, ihifadhi kwenye kontena la plastiki lenye mpira wa kuzuia hewa pamoja na silika za kunyonya unyevu zinazobadilika rangi. Zikibadilika, zikaushe kwenye ovena kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili. Unyevu ukae kati ya asilimia 40 na 50. Mchele haufai, una unga. Mkoba wa ngozi kabatini haufai zaidi, kuvu huupenda.

Hatua ya 8: Baada ya safari

Usifute picha porini ukitumia skrini ndogo. Nyumbani, nakili kadi kwenye diski mbili tofauti kabla ya kufungua picha hata moja, na diski ya pili ikae nyumba nyingine, kwa mtoto au ndugu. Majalada yaitwe kwa tarehe na mahali, mfano 2025-08-14_Mikumi, yajipange yenyewe. Kadi ifomatiwe ndani ya kamera, si kwenye kompyuta.

Chagua kwa mapito mawili. La kwanza ondoa zisizo kali jichoni, bila huruma. La pili, siku nyingine, kati ya picha tano zinazofanana bakiza moja. Kusahihisha, darktable na RawTherapee ni programu za bure, na watengenezaji wa kamera pia hutoa za kwao bila malipo. Nyoosha mstari wa upeo wa macho kwanza; ziwa lililoinama huonekana hata na mtoto.

Faili ya pikseli 6000 kwa 4000 huchapishwa sentimita 50 kwa 33 kwa ubora kamili wa nukta 300 kwa inchi. Ukiwatumia wajukuu kwa WhatsApp, itume kama hati, kwani ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa na manyoya yote hupotea. Na kama ulibahatika kumpiga faru popote, zima alama ya mahali kwenye faili, na usitaje jina la bonde wala namba ya njia unapomweka mtandaoni. Majangili nao wana simu.